Maonyo Yaliyofagiwa

Meru mjini,
7 Septemba 1998

Muriithi,

Barua yako ilinikuta na homa. Sasa nimepona, na ungeniona hapa mezani ungedhani mimi ni mkurugenzi: nina kompyuta mbili mbele yangu. Moja haiwaki.

Unasema mama anaulizwa na watu wa kanisa kule Kanja mimi hufanya kazi gani, na hana la kuwajibu. Mwambie hivi. Dkt. Thuranira, daktari wa mifugo wa mradi wetu, huandika maagizo ya dawa: dawa ipi, kwa mnyama yupi, kiasi gani. Mradi unataka maagizo hayo yasomwe kwenye intaneti na wafadhili na watu wa Nairobi, na pia yachapwe kwenye karatasi mnazopelekewa ninyi maafisa wa nyanjani, wewe huko Siakago na Kithinji kule Kangeta. Kabla yangu kila ukurasa ulitengenezwa peke yake, na kubadilisha jina la mradi tu kulichukua wiki. Mimi nimeunda mfumo. Maneno ya daktari yanakaa mahali pake, sura ya ukurasa inakaa mahali pake, na mtu akiomba ukurasa, mfumo unaviunganisha na kumpa.

Shida yangu imekuwa takataka. Daktari anaandika kwa programu ile ya kuchapia barua, na akihifadhi kazi yake kama ukurasa wa intaneti, programu inamwaga alama za HTML, zile zinazoiambia kompyuta ukurasa uonekane vipi, kila mahali, rangi juu ya rangi, herufi nene zilizofunguliwa na hazikufungwa, nafasi tupu zisizo na maana. Ukurasa wa aya mbili unakuwa mzito hata modemu yetu inauvuta kama punda wa maji. Basi nimeandika programu ndogo, naiita Kifagio. Alama hizo zote huandikwa ndani ya mabano yenye ncha. Kifagio kinasoma, kinafuta kila kilicho ndani ya mabano hayo isipokuwa alama chache nilizozikubali, halafu kinapanga mistari vizuri. Ukurasa unaingia umevaa matambara, unatoka umepigwa pasi.

Karatasi za kwanza zilizopita kwenye Kifagio zinakuja kwako wiki hii. Ukizishika, jua zimetoka mikononi mwangu. Novemba wageni watakuja kufungua tovuti rasmi, na Bwana Mukiri, mkuu wetu, ameshanunua tai mpya.

Nisalimie Siakago na joto lake.

Dada yako,
Phyllis


Siakago,
5 Oktoba 1998

Phyllis dada yangu,

Karatasi zilifika. Ni safi kweli. Zile za zamani nilikuwa nazisoma nikizigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta njia, lakini hizi mtu anaona kila kitu mara moja. Nilimwonyesha Oscar, yule mwalimu jirani yangu, nikamwambia huyu ni damu yangu.

Huku mvua bado. Mawingu yanakuja yanatuangalia, yanaenda zake. Mbuzi wanakula kile wanachopata, na minyoo imekuwa mingi, kwa hiyo tulianza kuwanywesha ile dawa mpya mapema kuliko tulivyopanga. Nilianzia kwa Mama Mbogo, mjane mmoja upande wa huku chini mwenye mbuzi wazuri sana, halafu majirani zake.

Nina swali dogo tu, si la haraka. Ukikutana na Dkt. Thuranira, hebu muulize kama aliandika lolote kuhusu dawa hiyo na mbuzi wenye mimba. Kwenye karatasi sikuona neno, na ninataka tu kuwa na uhakika. Au labda wewe unakumbuka, maana yamepita machoni pako.

Nyumbani sijafika tangu Agosti. Ukienda Kanja mwambie mama nitakuja.

Kaka yako,
Muriithi


Meru mjini,
10 Oktoba 1998

Muriithi,

Daktari yuko Isiolo mpaka mwisho wa mwezi, lakini huna haja ya kumngoja. Nimefungua ukurasa wa dawa hiyo kwenye kompyuta na kuusoma wote, mstari kwa mstari. Hakuna neno lolote kuhusu mimba. Kama angeliandika lingekuwapo. Kompyuta si karani, haisinzii ikaruka mstari.

Nisamehe nikikuuliza, kwa nini swali lako limekuja baada ya kusifu karatasi? Nilipolisoma mara ya pili niliona kama unasema nimeharibu kitu. Nimekaa na mfumo huu miezi mingi, Muriithi. Hapa ofisini wako wanaosema msichana wa Embu amepewa mashine ya kuchezea, na sikutarajia kusikia shaka kutoka kwako. Kama kuna kitu kimeenda vibaya huko, angalia kwanza kipimo ulichotumia. Wewe ndiwe uliyesomea mifugo.

Sijakasirika. Niandikie habari za maana.

Phyllis


Siakago,
19 Oktoba 1998

Phyllis,

Asante kwa kuangalia. Basi ni mimi niliyekuwa na wasiwasi wa bure. Kazi inaendelea vizuri. Siku hizi nashinda kwa Mama Mbogo, kuna mbuzi wake wachache wadhaifu wanaohitaji mtu wa karibu.

Ukiniandikia, usipitishe barua ofisini. Wanabadilisha sanduku la posta na zinapotea. Andika kupitia shule ya Oscar.

Mvua imenyesha mara moja, ikaacha.

Muriithi


Siakago,
23 Oktoba 1998

Kwa sista Phyllis,

Hunijui, lakini mimi nakujua kwa sababu Muriithi hawezi kunywa chai bila kukutaja. Mimi ni Oscar Ireri, mwalimu wa hesabu hapa, tunapanga nyumba moja ya mabati, yeye mlango huu, mimi ule. Yeye hajui naandika. Akijua atanifukuza, na sufuria nzuri ni zake.

Hakuna sanduku la posta linalobadilishwa. Muriithi amesimamishwa kazi.

Ilikuwa hivi. Aliwanywesha mbuzi wa Mama Mbogo ile dawa yenu mpya. Baada ya siku chache mimba zikaanza kuharibika, mbuzi mmoja, kesho mwingine. Wengine walikufa pamoja na vitoto tumboni. Kwa majirani ikawa vilevile. Watu wakaenda ofisini wakiwa wamebeba wale wafu kwenye magunia, wakawamwaga hapo mlangoni. Bwana Kivuti, msimamizi wa mradi huku, akauliza, nani alitoa dawa? Muriithi akasema, mimi. Akauliza, nani alikuambia uwape wenye mimba? Muriithi akanyamaza. Mimi nilikuwepo, nilimwona na karatasi yako mfukoni. Hakuitoa.

Nikamuuliza njiani, mbona hukuonyesha ile karatasi? Akasema, «Ni ya Phyllis.» Akaongeza kwamba anataka kwanza kukuuliza. Akakuandikia. Jibu lako lilipokuja alilisoma amesimama, akalikunja, akasema, «Basi ni mimi.» Ndio hivyo. Tangu siku hiyo kila asubuhi anaenda kwa yule mama kukata majani na kubeba maji ya mbuzi waliobaki, bila mshahara, bila kuitwa. Watu wengine wanampita hawamsalimu.

Mimi sijui kompyuta. Lakini nafundisha hesabu, na mwanafunzi mzuri akikosa swali ambalo siku zote analipata, mimi huangalia swali kwanza. Hebu angalia swali.

Ni mimi,
Mwl. Oscar Ireri


Meru mjini,
28 Oktoba 1998

Muriithi,

Oscar ameniambia. Usigombane naye, mkumbatie.

Nilisoma barua yake leo asubuhi nikiwa mezani, na jambo la kwanza nililotaka kufanya ni kuja Siakago. La pili, ambalo ndilo nililofanya, ni kumtafuta Dkt. Thuranira, ambaye alikuwa amerudi asubuhi hiyo na vumbi lake la Isiolo. Nilimuuliza kama aliandika lolote juu ya mbuzi wenye mimba. Alinitazama kama niliyemtusi.

«Niliandika kwa herufi kubwa,» akasema. «Usiwape kabisa. Ni onyo la kwanza kwenye ukurasa.»

«Daktari, kwenye ukurasa halipo.»

«Haiwezekani. Maonyo yangu yote huwa nayaweka ndani ya mabano, mtu asiyapite.»

«Mabano gani?»

Akachukua kalamu akanichorea. Yenye ncha, Muriithi. Yale yale ya HTML.

Acha nikueleze, maana nataka uelewe kabisa na usije ukasema tena ni wewe. Programu yake ya kuchapia haikukosea. Ilijua mabano ya daktari ni maandishi tu, si alama za HTML, kwa hiyo iliyaandika kwa jina jingine, kwa herufi badala ya alama, ili yasichanganywe. Ni mimi ndani ya Kifagio niliyeweka hatua ya kurudisha majina hayo kuwa mabano ya kawaida, kisha hatua ya kufuta kila kilicho ndani ya mabano. Hatua mbili, zote nzuri, na nilizipanga kinyume. Kifagio kilipofika kwenye onyo kiliona alama nisiyoikubali, kikalifuta lote, kikaunganisha mistari pasionekane pengo. Kila alichotaka kisipitwe ndicho kilichoondolewa. Na mimi nilipoambiwa niangalie, niliangalia ukurasa uliotoka, sikuangalia ulioingia.

Nilimpitishia daktari maandishi yake kwenye mashine akiwa amesimama nyuma yangu. Onyo lilikuwepo, halafu halikuwepo. Alivuta kiti akakaa.

Tulienda pamoja kwa Bwana Mukiri. Hapo ndipo nilipojua kwamba Kivuti alimwandikia tangu mwanzo wa mwezi. Barua ilikuwa kwenye droo yake.

«Sikukuambia kwa sababu ni kaka yako,» akasema. «Nilikuwa nakuhurumia.»

Nikamwambia sasa tunajua kosa liko wapi, na Muriithi arudishwe.

«Atarudishwa baada ya wageni. Rekebisha programu yako, chapa karatasi mpya, tuzibadilishe kimya kimya.»

«Na Kangeta? Kithinji ana karatasi hizo hizo.»

«Mpya zitamfikia.»

«Lini?»

Akaangalia kalenda ukutani, kana kwamba ingemjibu. Daktari ndiye aliyesema: Kithinji anaanza kunywesha mbuzi kesho, siku ya soko. Tulijaribu simu ya Kangeta alasiri yote. Haikuita hata mara moja.

Nimegeuza zile hatua mbili. Nimechapa karatasi upya, na daktari amezisoma kwa sauti akilinganisha na maandishi yake mwenyewe. Kesho alfajiri naenda Kangeta. Sikumwomba Mukiri ruhusa. Ndani ya bahasha hii nimeweka nakala ya barua niliyomwandikia Kivuti. Isome, halafu nyosha mgongo.

Dada yako,
Phyllis


Meru mjini,
28 Oktoba 1998

Kwa Bwana Kivuti,
Msimamizi wa Mradi,
Siakago.

KUH: MBUZI WALIOHARIBIKIWA MIMBA, NA BWANA MURIITHI NJERU

Bwana,

Mimi ndiye niliyetengeneza mfumo unaotoa karatasi za maagizo ya dawa. Onyo la Dkt. Thuranira kwamba dawa ya minyoo isipewe mbuzi wenye mimba lilifutwa na programu yangu kabla karatasi haijachapwa. Bwana Muriithi alifuata karatasi kama ilivyomfikia. Kosa ni langu, nalo linaweza kuonyeshwa kwenye kompyuta kwa yeyote atakayetaka kuliona.

Tafadhali kusanya karatasi zote za zamani, za dawa zote, uzitoe matumizini leo. Mpya zimeambatanishwa. Na kwa wenye mbuzi, naomba wasomewe barua hii kwa lugha wanayoisikia.

Wako mwaminifu,
Phyllis Wanja Njeru

Nimeisoma na kuikubali: Dkt. J. Thuranira
Nakala: Bwana Mukiri


Siakago,
2 Novemba 1998

Phyllis,

Nani alikuomba?

Nilikuwa nimeshaumia, na maumivu yalikuwa ya mtu mmoja. Sasa tuko wawili. Ulifikiri kwa nini niliiacha karatasi mfukoni? Mukiri atakutoa hapo kabla ya Krismasi, halafu mama atawaambia nini watu wa kanisa? Kazi kama yangu mtu anapata nyingine. Yako hakuna mwingine kwetu aliyewahi kuishika.

Nimeandika hayo juu nikiwa na hasira, na sitayafuta, uyaone. Lakini kuna jingine. Chuoni tulifundishwa kwamba kabla ya kutoa dawa ya minyoo mtu huuliza kama ni salama kwa wenye mimba. Nilipoona karatasi haisemi kitu, nilijua ningepaswa kuuliza kabla. Sikuuliza kwa sababu ilikuwa safi sana. Ilionekana kama kitu kilichokwisha kufikiriwa na watu wengine. Kwa hiyo usichukue lote.

Kivuti aliita watu Jumamosi, akawasomea barua yako, yeye mwenyewe akitafsiri kwa Kimbeere. Aliposoma «kosa ni langu» watu walisogea karibu. Halafu mzee mmoja akasema huyo msichana aletwe hapa azione mbuzi. Mama Mbogo akamwambia, «Azione za nini? Ameshaziona.» Sikuelewa alimaanisha nini. Baadaye, tukiwa zizini, alinigeukia akaniuliza, «Kumbe ulikuwa na karatasi?» Nikasema ndiyo. «Na uliniacha nikuite muuaji?» Nikasema ndiyo. Alinipa ndoo nikachote maji, na hajaniongelesha tangu wakati huo.

Uliwahi Kangeta? Niambie uliwahi.

Muriithi


Meru mjini,
3 Novemba 1998

Muriithi,

Barua yangu ya juzi bila shaka unayo. Sijapata jibu, lakini siwezi kungoja kukuambia ya Kangeta.

Nilifika jua limeshapanda. Soko lilikuwa limechacha, wanaume wanafunga miraa kwa majani ya migomba, wengine wanakimbilia magari yawahi Nairobi, kila mtu anapiga kelele. Nilimuuliza mwanamke mmoja afisa wa mifugo yuko wapi, akanionyesha kwa kidevu nyuma ya kichinjio. Nikakuta zizi limejaa mbuzi, foleni ya watu, na Kithinji katikati, mikono ya shati imekunjwa, chupa mkononi, mdomo wa mbuzi umeshapanuliwa.

Nikapiga kelele, «Simama!»

Kila mtu akasimama isipokuwa yeye. Alimnywesha yule mbuzi mpaka mwisho, akamwachilia, ndipo akaniuliza, «Wewe ni nani?»

«Mimi ndiye niliyetengeneza karatasi uliyonayo.»

«Basi si inasema niwape?»

«Inasema machache kuliko daktari alivyoandika. Usiwape wenye mimba.»

Alichukua karatasi mpya, akaiweka kando ya ile ya zamani, akasoma zote mbili taratibu huku watu wakinung'unika. Kisha akasema, «Mama, leo unakuja na hii, jana nilipewa ile. Kesho atakuja nani na nyingine? Mimi nitaaminije?»

Muriithi, mambo ya kompyuta niliyaacha. Nilimwambia habari yako. Nilimwambia mbuzi wa Mama Mbogo, magunia pale mlangoni, na kwamba aliyewanywesha ni kaka yangu na amenyamaza ili nisiguswe. Kithinji akavua kofia. Akaniambia, «Usiniambie mimi. Waambie wao.»

Akanipandisha juu ya jiwe la kufungia mbuzi, nikasema kwa Kimeru. Unajua Kimeru changu, kina Kiembu kingi ndani yake. Walicheka mwanzo. Mwisho hakuna aliyecheka. Mwanamke yule aliyenionyesha njia alikuwa amefika, na mbuzi aliyenyweshwa nikipiga kelele alikuwa wake, na alikuwa na mimba. Na kabla ya huyo, mwingine wake mwenye mimba alikuwa ameshanyweshwa. Aliniuliza nitamfanyia nini. Nikamwambia sijui, na kwamba nitarudi kila siku ya soko mpaka mbuzi hao wazae au wasizae, asinitafute yeye, nitamtafuta mimi. Jina lake ni Kajuju. Alhamisi hii nitakuwa huko.

Waliobaki walitenganishwa, wenye mimba upande huu, wengine ule. Tulifanya hivyo mpaka soko likaisha. Nimejifunza kupapasa tumbo la mbuzi. Nakupa heshima yako yote.

Mukiri hajanisemesha.

Phyllis


Meru mjini,
21 Novemba 1998

Muriithi,

Yako ya tarehe mbili nimeisoma hadi ikachakaa. Nimekubali nisichukue lote. Lakini wewe nawe ulichukua lote wiki tatu nzima bila kuniambia, kwa hiyo tusifundishane.

Wageni walikuja, wakaenda. Nilikuwa nimeweka kwenye ukurasa wa kwanza wa tovuti, juu kabisa, maelezo ya kosa, dawa zilizohusika na maonyo yaliyofutwa. Si moja tu, yalikuwa mengi, hata lile la maziwa ya ng'ombe waliooshwa dawa ya kupe. Asubuhi Mukiri alikuja mezani kwangu amevaa tai yake.

«Toa hayo.»

«Hapana, Bwana Mukiri.»

«Wageni watasoma hayo kwanza?»

«Mtu mwenye mbuzi ndiye nataka asome hayo kwanza.»

Alinyoosha mkono kama atakayezima mashine, lakini hakujua kitufe kiko wapi, na Dkt. Thuranira alikuwa ameingia. Daktari akasema jina lake liko chini ya maelezo hayo, na yakitolewa, atayasoma kwa mdomo mbele ya wageni wakila samosa. Yakabaki. Mgeni mmoja, mama mzee, aliuliza maswali saa nzima na akataka kuona Kifagio chenyewe. Nilimwonyesha kile cha zamani na kile cha sasa. Cha sasa hakifuti kitu kisichokijua. Kikikutana na alama ngeni, kinaiacha na kuipigia mstari ili mtu aangalie. Na mwisho kinalinganisha maneno yaliyoingia na yaliyotoka. Ukurasa unaweza kubadilika sura utakavyo, lakini likipungua neno moja, hautoki.

Mkataba wangu unaisha Desemba na Mukiri ameniandikia kwamba hautaendelezwa. Nilijua. Daktari anataka niendelee kumtengenezea kurasa, na kuna shule ya kanisa hapa inayotafuta mwalimu wa kompyuta. Nitawaambia mama na baba mwenyewe. Usinitangulie.

Mbuzi mmoja wa Kajuju amepoteza mimba. Nilikuwa naye. Yule mwingine bado anayo.

Phyllis


Siakago,
13 Desemba 1998

Phyllis dada yangu,

Nimerudishwa kazini. Kivuti alinipa barua mkononi, akaniomba msamaha mbele ya wafanyakazi wote, jambo ambalo sikujua anaweza kulifanya. Mradi utawapa wenye mbuzi mitamba ya mbuzi baada ya mvua, na wamekubali, ingawa Mama Mbogo anasema mbuzi hawi badala ya mbuzi.

Lakini hilo silo ninalotaka kukuandikia. Jana tulianza tena kunywesha. Niliweka meza pale kwenye uwanja wa mnada, nikangoja. Watu walikuja, wakasimama mbali na mbuzi wao, kila mmoja akimwangalia mwenziwe. Jua likapanda. Kivuti akaanza kukohoa. Nilikuwa nimeshafikiria kufunga vitu vyangu.

Ndipo Mama Mbogo akaja, akiwaswaga wale wake waliobaki. Hakunisalimu. Alisimama mbele ya meza akasema, «Iko wapi karatasi?»

Nikamwonyesha.

«Soma. Kwa sauti, wasikie.»

Nikasoma. Jina la dawa, kipimo, namna ya kushika kichwa cha mbuzi asipaliwe. Nikasoma onyo la mimba, akasema, «Rudia hapo.» Nikarudia. Nikasoma onyo la vitoto vichanga, la kuosha mikono, la nyama isiliwe mapema, nikafika mwisho.

«Ndiyo mwisho?»

«Ndiyo mwisho.»

«Geuza.»

Nikageuza karatasi, nikamwonyesha nyuma. Nyeupe tupu. Aliitazama muda mrefu, na watu wote wakaitazama, hata wale wa nyuma walionyoosha shingo.

Kisha akainama, akamshika pembe mbuzi wake mkubwa, yule wa madoa ambaye nilimbebea maji mwezi mzima, akamvuta mpaka mezani.

«Huyu hana kitu tumboni,» akasema. «Anza na huyu.»

Kaka yako,
Muriithi